Chanda Chema Huvikwa Pete: Maisha ya Félix Éboué

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mkusanyaji. Nilianza na stempu, nikaingia sarafu, na siku hizi nazisoma nishani za vita. Kuzinunua siwezi, pesa zitoke wapi? Lakini kuzitambua hakuhitaji pesa, kunahitaji macho na vitabu tu.

Katika nishani za Ufaransa za Vita Vikuu vya Pili, ninayoistahi kuliko zote ni Msalaba wa Ukombozi, iliyoanzishwa na Jenerali de Gaulle mjini Brazzaville mnamo Novemba 1940. Ingawa jina ni msalaba, ukiitazama utaona ngao ndogo yenye upanga wima, na juu ya upanga msalaba mweusi wa Lorraine, ule wenye mikono miwili. Wengine huichanganya na Nishani ya Upinzani, maana nayo ina msalaba uo huo. Basi wewe tazama utepe. Wa Upinzani ni mweusi na mwekundu. Wa Ukombozi ni mweusi na kijani: weusi wa msiba, kijani cha matumaini. Tena ya Upinzani walipewa watu zaidi ya 60,000, lakini ya Ukombozi walipewa watu 1,038 pekee, pamoja na miji na vijiji 5 na vikosi 18. Je, unajua kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuipata, mwaka 1941, alikuwamo mtu mweusi?

Huyo ndiye Félix Éboué. Alizaliwa tarehe 26 Desemba 1884 mjini Cayenne, Guiana ya Kifaransa, huko Amerika ya Kusini. Ukoo wake ulikuwa wa watumwa. Alikuwa na bidii masomoni, akapata msaada wa karo kwenda kusoma Bordeaux, kisha akaingia Paris katika chuo cha kuwafunza watawala wa makoloni. Alipomaliza mwaka 1908 alipelekwa Ubangi-Shari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alikaa zaidi ya miaka 20, akachunguza lugha na mila za wenyeji. Mwaka 1936 akawa gavana wa Guadeloupe, kisha akaletwa Chad.

Sasa hapa ndipo mambo yalipopamba moto. Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, na serikali mpya ya Vichy ikakubali kuweka silaha chini. De Gaulle alikuwa London, hana nchi wala hazina. Chad ilipakana na Libya iliyokuwa mikononi mwa Waitalia, na Éboué alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo na familia. Angenyamaza, nani angemlaumu? Hakunyamaza. Tarehe 26 Agosti 1940 Chad ilitangaza kujiunga na de Gaulle, ikawa koloni la kwanza la Afrika kufanya hivyo. Makoloni jirani yakafuata kwa siku chache tu. Vichy ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo mahakamani. Novemba mwaka huo akafanywa gavana mkuu wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, na mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Chad yakaiteka Kufra nchini Libya.

Nilipoyasimulia haya chamani, wenzangu walinibana kweli kweli. Waliuliza vipi tumsifu mtu aliyewatawalia wakoloni. Swali hilo ni zito na silikwepi. Ni kweli kwamba chini ya utawala wake Waafrika walisukumwa kugema mpira kwa ajili ya vita, na mkutano wa Brazzaville wa mwaka 1944 alioshiriki ulikataa katakata habari ya kujitawala. Lakini pia aliagiza mila na viongozi wa Kiafrika waheshimiwe, wakati ambapo wengi waliwaona wenyeji kama watoto. Mimi naona mtu hupimwa kwa yote mawili. Nishani haifuti lawama, na lawama haifuti ushujaa wa Agosti ile.

Éboué alifariki mjini Cairo tarehe 17 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 59, kabla ya kuiona Paris ikikombolewa. Mwaka 1949 mwili wake ulizikwa Panthéon, wanakolazwa wakuu wa Ufaransa, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kulazwa humo. Siku hiyo hiyo alizikwa humo Victor Schoelcher, aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848.

Basi ndugu msomaji, siku ukikutana na utepe mweusi na kijani, usiulize kwanza bei yake. Uliza aliyeuvaa alihatarisha nini. Kila la heri katika mitihani!