Blumberg, Tabibu Aliyeyafichua Maradhi ya Ini

Ndugu msomaji, huku kwetu Adu, kaskazini ya Malindi, mtu akifa tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, maneno huwa mengi. Nilikuwa kijana wa chuoni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ami yangu alipokufa hivyo. Alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa sala tano, na ulevi hakuujua. Wako waliosema amerogwa. Wako pia walionong'ona matangani kuwa bila shaka alikuwa akinywa tembo kwa siri, kwani ini haliharibiki bure. Neno hilo la pili lilimwandama mjane wake mpaka naye akaingia kaburini.

Ami hakupimwa, na mimi siwezi kuapa ni maradhi gani yaliyomwua. Lakini miaka mingi baadaye, nilipoyasoma maisha ya Baruch Samuel Blumberg, nilifahamu kuwa ini la mtu huweza kuharibika pasi na tembo wala mchawi. Leo napenda nikusimulie habari zake.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 28 Julai 1925, katika jamaa ya Kiyahudi. Utotoni alitiwa chuo cha dini yao huko Brooklyn, akasoma maandiko ya Kiebrania kama sisi tulivyosomeshwa juzuu. Alisoma fizikia, akatumika katika jeshi la maji wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akasoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu mwaka 1951.

Safari iliyomfungua macho ilikuwa ya mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi, alipokwenda Moengo, mji wa machimbo huko Suriname. Waliishi hapo watu wa asili mbali mbali, na Blumberg aliona kuwa vijidudu vya matende, maradhi tunayoyajua sana pwani yetu, haviwashiki watu wote sawasawa. Akajiuliza ni kwa nini, na swali hilo halikumwacha tena. Alikwenda Oxford kusomea kemia ya mwili, na mwaka 1957 akafika Nigeria kukusanya damu. Baadaye alizunguka nchi nyingi kwa kazi hiyo hiyo.

Wazo lake lilikuwa hili: mtu aliyetiwa damu ya watu wengi, mwili wake hujifunza kuvitambua vitu vigeni. Basi damu yake ikikutanishwa na damu za watu wa mbali, itaonyesha tofauti zilizojificha. Mwaka 1963 yeye na mwenzake Harvey Alter waliona damu ya mgonjwa mmoja wa New York ikipambana na kitu kilichokuwamo katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Wakakiita antijeni ya Australia, wala hawakujua ni kitu gani.

Kwanza Blumberg alidhani ni alama ya kurithi. Lakini mgonjwa mmoja ambaye hakuwa nayo alipimwa tena, akaonekana anayo, na ini lake limeugua. Kisha msaidizi wake mwenyewe wa maabara akashikwa na maradhi ya ini, na damu yake ikatoa alama ile ile. Hapo, kufikia mwaka 1967, ikabainika kuwa haukuwa urithi bali ni dalili ya virusi, navyo ni vya homa ya ini ya aina ya B. Mwaka 1969 yeye na Irving Millman wakabuni njia ya kutengeneza chanjo, na mwaka 1976 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Carleton Gajdusek. Chanjo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981.

Mtu atauliza, ikiwa chanjo ipo, mbona watu wangali wakifa? Jibu li katika tabia ya virusi vyenyewe. Mtu mzima akiambukizwa, aghalabu mwili wake huvishinda. Mtoto mchanga akiambukizwa, watoto tisa katika kila kumi hubaki navyo. Blumberg na wenzake walichunguza jamaa za wagonjwa wa saratani ya ini huko Senegal, na katika mwaka 1976 walionyesha kuwa mama za wagonjwa hao walikuwa na virusi hivyo mara nyingi kuliko mama wengine. Mtoto huvipokea siku ya kuzaliwa, navyo hukaa kimya miaka thelathini au arobaini.

Kimya hicho si usingizi. Chuoni tulipokuwa tukinakili aya ubaoni, mwalimu alisimama nyuma yetu, na herufi moja ikikosewa alitufutisha. Virusi hivi hujinakili usiku na mchana bila ya mwalimu wa kuwasahihisha. Makosa hubaki, na mengine huvisaidia kujificha. Matabibu hutazama alama moja ya damu iitwayo antijeni e. Ikitoweka, mara nyingi ni habari njema. Lakini yako mageuko yanayoizima alama hiyo huku virusi vikiendelea kuzaana, na mgonjwa asiyefuatiliwa hudhani amepona, kumbe ini linajaa makovu. Yako na mageuko mengine yanayoandamana na saratani. Na kwetu sisi wala mahindi, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, iingiapo katika nafaka isiyokaushwa vizuri, huizidisha hatari hiyo kwa mtu mwenye virusi.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa hii ya kudumu, na milioni 1.1 walikufa kwayo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001. Sisi tuliozaliwa kabla yake hatukuipata chanjo hiyo utotoni. Vipo vidonge, kama tenofovir, vinavyovizuia virusi visizaane. Haviving'oi, lakini huliokoa ini, mradi mtu ajue kuwa anaumwa.

Blumberg alifariki California tarehe 5 Aprili 2011, umri wake miaka 85. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Mimi na ndugu zangu tumekwenda kupimwa damu, wakubwa kwa wadogo. Nakusihi nawe uende, ndugu msomaji, na umsikiapo mtu akimsengenya maiti kwa ajili ya tumbo lililovimba, umkanye. Ami yangu hakupata wa kumtetea. Mola amrehemu.