Meja Augusta, daktari wa wakimbizi

Alexander Augusta alizaliwa mwaka wa 1825 huko Norfolk, jimbo la Virginia, Marekani. Hakuzaliwa mtumwa, lakini uhuru wake ulikuwa na mipaka: Virginia ilikataza mtu mweusi kufundishwa kusoma. Alijifunza hata hivyo, huku akifanya kazi ya kinyozi.

Alitamani udaktari. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikamkataa. Akaenda Kanada, akasoma katika Trinity College mjini Toronto, akamaliza mwaka wa 1856. Angeweza kubaki huko na kutibu wagonjwa wake kwa amani.

Lakini mwezi wa kwanza wa 1863, vita ya Kaskazini na Kusini ikiendelea, alimwandikia Rais Lincoln akiomba kuwahudumia askari weusi. Tume ya madaktari wa jeshi ilimkataa kwanza. Akasafiri mwenyewe hadi Washington, akafanya mtihani, akafaulu. Mwezi wa nne akapewa cheo cha meja, daktari mweusi wa kwanza kuwa afisa katika jeshi hilo.

Akapewa hospitali ya wakimbizi, yaani watu waliotoroka utumwa Kusini na kukusanyika kambini Washington, hali ndui ikiwaua. Sisi tunaozijua kambi hatuhitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo.

Cheo hakikumlinda. Mjini Baltimore alipigwa kwa sababu alivaa sare ya jeshi. Baadaye madaktari weupe waliokuwa chini yake walilalamika kwa Lincoln kwamba hawawezi kuamriwa na mtu mweusi, naye ndiye aliyehamishwa. Mlipaji wa jeshi alitaka kumpa dola 7 kwa mwezi, mshahara wa askari mweusi asiye na cheo! Augusta hakunyamaza. Aliandika barua kwa seneta, na amri ikatoka alipwe kama meja.

Mwezi wa pili wa 1864, siku ya mvua, alikuwa akienda kutoa ushahidi katika mahakama ya jeshi. Alikatazwa kuketi ndani ya gari la abiria, akatembea kwa miguu matopeni, akachelewa. Aliandika tena, na habari ikafika Seneti. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku ubaguzi huo katika magari ya Washington.

Baada ya vita alifundisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Howard. Chama cha madaktari wa mji kilimnyima uanachama, aliendelea kutibu. Alikufa mwaka wa 1890, akazikwa Arlington, makaburi ya jeshi, kwa heshima ya afisa.