DAKTARI WA MENGO NA VIDONDA VYA AJABU

Wadau, mdogo wangu hapa Mutuka kaficha kidonda mguuni miezi miwili, eti aibu! Nikamsimulia habari za Sir Albert Cook, na nyie someni.

Jamaa alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari. Akatembea kwa miguu toka Mombasa mpaka Uganda, na mwaka 1897 akaanzisha Hospitali ya Mengo. Nesi waliyekuja naye, Katharine Timpson, akamuoa mwaka 1900.

Mwaka huohuo wa 1897 aliona wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ngozi, si vya kawaida. Enzi hizo dawa za kuua bakteria hazikuwepo. Akaandika alichokiona. Akafariki 1951.

Miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana Buruli, Uganda, ndo ugonjwa ukaitwa kidonda cha Buruli. Kumbe mzee alishauandika! Bakteria wake ni ndugu wa wale wa kifua kikuu na ukoma. Mara nyingi huanza kama kivimbe kisichouma, ndo maana watu wanapuuza. Siku hizi unatibika kwa dawa za wiki 8. Ukichelewa, upasuaji au kilema.

Dogo kaenda hospitali jana. Chake cha kawaida tu, kasafishwa na kupewa dawa. Wadau, nani bado anaficha?