Wallace Carothers: Baba wa nailoni aliyeipita plastiki inayooza

Kamba, soksi, mswaki, nyavu za kuvulia. Vingi kati ya hivyo ni nailoni, na aliyeibuni ni mkemia Mmarekani Wallace Carothers. Ambacho wengi hawajui: kabla ya nailoni, alishaigusa plastiki inayooza, akaiacha.

Alizaliwa 27 Aprili 1896 huko Burlington, jimbo la Iowa. Alikuwa akifundisha Harvard pale kampuni ya DuPont ilipomtaka aongoze utafiti Wilmington, Delaware. Mwanzoni alisita, akawaeleza wazi kwamba huwa anasumbuliwa na sonona. Mwishowe akakubali, na mwaka 1928 akaanza kazi huko.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha molekuli ndogo ziwe mnyororo mrefu, yaani polima. Mwaka 1930 msaidizi wake, Julian Hill, akavuta uzi wa poliesta unaong'aa. Shida moja: joto kidogo tu unayeyuka, na maji ya moto yanauharibu. Sasa nguo hiyo utaifuaje?

Mwaka 1932 timu yake ikachapisha utafiti wa polima zikiwemo za asidi ya laktiki, ile ile inayofanya mtindi uwe mchachu. Nazo zilikuwa dhaifu. Kampuni ilitaka uzi imara, kwa hiyo wakabadili njia. Tarehe 28 Februari 1935 nailoni ikapatikana: ngumu, haiogopi maji, na haiozi.

Lakini sonona haikumwacha. Januari 1937 dada yake kipenzi, Isobel, alifariki. Aprili 29 mwaka huo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, Carothers alijiua mjini Philadelphia. Mkewe alikuwa mjamzito. Soksi za nailoni zilipogombaniwa madukani Marekani mwaka 1940, yeye hakuwepo.

Leo udhaifu ule ule ndio unaotafutwa. Nyuzi za jamii hiyo zinashona vidonda hospitalini, kisha zinayeyuka zenyewe mwilini. Asidi ya laktiki inatengenezwa kwa kuchachusha sukari ya mahindi, na inatoa vikombe na vifungashio.

Ila usidanganyike na neno "inaoza". Kikombe hicho ukikitupa mtaroni au baharini kitakaa muda mrefu sana. Kuoza vizuri kunahitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Kazi aliyoiacha Carothers bado haijaisha.