Masinde Muliro, mtu wa ushirika

MAREHEMU Masinde Muliro, mzaliwa wa Bungoma mwaka 1922 aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town, hukumbukwa kwa siasa. Kazi yake ya ushirika husahaulika. Akiwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii mapema miaka ya 1970, alisimamia vyama vilivyomwezesha mkulima mdogo kuuza mazao pamoja na wenzake na kupata mkopo ambao peke yake asingeupata. Huko Kitale, ambako watu walichangishana kununua mashamba ya walowezi, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1975, akiwa Waziri wa Ujenzi, aliunga mkono bungeni ripoti kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki. Rais Jomo Kenyatta akamfuta kazi. Alifariki Agosti 14, 1992, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akirejea kutoka London.