Sindano Iliyoshinda Njaa

Shali ya kroshia huvaliwa na wengi, mwalimu wake hutajwa na wachache. Leo namtaja Bibi Eléonore Riego de la Branchardière, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1828, mamaye mtu wa Ireland. Kwa sindano ya kulabu na uzi mwembamba alifuma, kisha akaandika vitabu zaidi ya 70 kuwafundisha wenziwe. Viazi vilipooza Ireland mwaka 1845 na njaa ikaingia, kazi hiyo ilizilisha nyumba nyingi. Mwaka 1851 alitunukiwa nishani London, akafariki 1887.

Nawakumbuka dada zetu wa Balambala, ukingoni mwa Mto Tana, ambako ukame huangamiza mifugo. Ngamia hufa, ujuzi wa mkono haufi. Basi, ndugu wasomaji, tuwafundishe mabinti zetu.