Stu Ungar: Fundi wa karata aliyekula mamilioni, akafa kapuku

LAS VEGAS, MAREKANI

NOVEMBA 22, 1998, katika hoteli ndogo ya bei chee iitwayo Oasis jijini Las Vegas, mteja wa chumba namba 6 alikutwa kitandani akiwa amefariki. Alikuwa na miaka 45. Fedha alizokutwa nazo zilikuwa kama dola 800 hivi.

Jamaa huyo aliitwa Stu Ungar. Miezi 18 tu kabla ya siku hiyo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa poker, ule mchezo wa karata wa kamari, na kitita cha dola milioni moja. Ilikuwa mara yake ya tatu kubeba taji hilo. Watu waliomfuatilia wanakadiria kwamba maishani mwake alikula kama dola milioni 30 mezani. Marafiki walilazimika kupitisha mchango ili azikwe.

Mashabiki wa soka hadithi za aina hii wanazijua. Garrincha aliipa Brazil makombe mawili ya dunia na bado alikufa fukara mwaka 1983. Lakini ya Ungar ina somo la karibu zaidi kwa yeyote anayeshika mkeka wikiendi. Huyu hakufilisika kwa kutojua mchezo. Alifilisika kwa kutojua kushika mtaji wake, na kwa kushindwa kuamka mezani akiwa na hasira.

MTOTO WA KIJIWENI

Ungar alizaliwa Septemba 8, 1953, New York, akakulia mitaa ya Lower East Side. Baba yake, Isadore, alikuwa na baa ambayo ndani yake kulikuwa na kijiwe cha kamari. Mzee hakutaka mwanawe awe mcheza kamari, lakini utamleaje mtoto kwenye kijiwe halafu umkataze karata? Akiwa na miaka 10 tu, dogo alishinda mashindano ya karata ya mchezo uitwao gin.

Mwaka 1967 baba alifariki kwa maradhi ya moyo. Baadaye mama naye akapata kiharusi. Ungar akaacha shule, karata zikawa ndio kazi ya kulisha nyumba.

Kwenye gin hakuwa na mpinzani. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu: kila karata iliyotupwa mezani aliihifadhi kichwani, na kwa zile zilizotupwa alijua wewe umebaki na zipi. Kuna fundi mmoja aliyeheshimika sana, Harry Stein, ambaye inasimuliwa alifungwa na Ungar michezo 86 kwa 0. Hebu fikiria timu inapigwa 86 bila majibu.

Tatizo lilianza hapo hapo. Alichokipata kwenye karata alikipeleka kwenye mbio za farasi, na kule alikuwa mtu wa kawaida kabisa, analiwa kama wengine. Madeni yakamzidi hadi akalazimika kuikimbia New York. Akaenda Miami, kisha Las Vegas.

Angalia vizuri hilo. Kijana hata miaka 25 hajafika, ni bora kuliko wote kwenye kazi yake, na tayari anakimbia wadeni. Kisa ni kamari nyingine asiyoijua.

DOGO AWAPIGA WAKUBWA

Las Vegas nako sifa zake zilimtangulia. Wacheza gin wakamkimbia. Akawa anawapa wapinzani nafuu mwanzoni ili tu wakubali kukaa naye, na bado anawafunga. Mwishowe akageukia poker.

Mwaka 1980 aliingia kwenye Mashindano ya Dunia ya Poker yaliyofanyika katika kasino ya Binion's Horseshoe. Kiingilio kilikuwa dola 10,000, na washiriki walikuwa 73. Mchezo wenyewe kila mtu hupewa karata mbili za siri, halafu tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na hakuna ukomo wa dau: ukitaka unasukuma kila ulichonacho. Ungar alikuwa mgeni kabisa kwenye mashindano ya aina hiyo. Fainali akakutana na Doyle Brunson, bingwa wa 1976 na 1977, na akampiga. Alikuwa na miaka 26, sura kama mwanafunzi wa sekondari. Wakamwita Dogo.

Mwaka uliofuata wakasema alibahatisha. Akarudi, akawapanga washiriki 75, akachukua tena ubingwa na dola 375,000.

KWA NINI MASHINDANO YALIMFAA

Hapa ndipo penye siri ya maisha yake yote, tutulie kidogo.

Kwenye mashindano unalipa kiingilio mara moja, unapewa chipu zako, vile vidude vya mviringo vinavyosimama badala ya fedha. Zikiisha, unanyanyuka unakwenda nyumbani. Hata ukasirike vipi, huwezi kupoteza zaidi ya kile kiingilio. Kanuni zinakuwekea ukomo.

Kwa mtu mwenye damu ya moto kama Ungar hiyo ilikuwa ngao. Alishambulia bila kuogopa, alisukuma chipu nyingi huku wenzake wakihesabu moja moja, na kama siku imekataa, hasara yake inajulikana.

Kwenye meza za fedha taslimu, kwenye farasi na kwenye kubeti michezo, ngao hiyo haipo. Zikiisha za mfukoni unakwenda kuchukua nyingine. Zikiisha hizo unakopa. Anayekuwekea ukomo ni wewe mwenyewe, na Ungar huyo mtu ndani yake hakuwepo.

Akiliwa hakukubali siku iishe hivyo. Alipandisha dau ili arudishe zote kwa mara moja. Akiliwa tena, anapandisha tena. Kuna kisa maarufu cha siku aliyopelekwa uwanja wa gofu kwa mara ya kwanza. Kabla hata ya mchezo kuanza, palepale pa kujifunzia kusukuma mpira shimoni, inasimuliwa alikuwa ameshaliwa dola 78,000. Gofu alikuwa hajawahi kucheza. Lakini kulikuwa na dau, na yeye hakuweza kuona dau akalipita.

Waliomfahamu wanasimulia pia kwamba benki hakuwa na akaunti. Fedha ya kula, ya kodi na ya kuchezea ilikuwa rundo moja. Akishinda, lote ni lake. Akiliwa, lote limekwenda.

KOKEINI NA MEZA ISIYO NA MTU

Miaka ya 1980 ikaingia kokeini. Ndoa yake ikavunjika mwaka 1986. Mwaka 1989 kijana aliyemlea kama mwanawe alijiua. Baada ya hapo Ungar hakurudi kuwa yule yule.

Mashindano ya dunia ya 1990 yanaeleza kila kitu. Alianza kwa moto na kujirundikia chipu nyingi. Siku ya tatu hakutokea. Wakamkuta chumbani hotelini hajitambui kwa dawa za kulevya. Kiti chake kikabaki kitupu, dau la lazima likawa linakatwa kwenye chipu zake raundi baada ya raundi. Pamoja na hayo alimaliza wa 9 na kupata dola 25,050, kwa sababu rundo lake lilikuwa kubwa mno kuisha haraka. Ni kama straika aliyefunga mabao mengi kipindi cha kwanza, cha pili akalala vyumbani, na timu bado ikapata pointi.

MILIONI YA MIEZI MICHACHE

Mei 1997 alikuwa hana hata kiingilio. Rafiki yake, Billy Baxter, akamlipia dola 10,000 dakika za mwisho kabisa, kwa makubaliano ya kugawana atakachopata. Ungar alifika amechoka, amekonda, na miwani ya rangi ya buluu kuficha pua iliyoharibiwa na kokeini.

Washiriki walikuwa 312. Wakaanguka mmoja baada ya mwingine hadi akabaki yeye na John Strzemp, naye akaanguka. Milioni moja, nusu kwa nusu na Baxter. Magazeti yakamwandika kuwa ni Dogo aliyefufuka.

Nusu milioni ile haikumaliza mwaka. Sehemu iliishia kwenye dawa, sehemu kwenye kubeti michezo. Mwaka 1998 Baxter akamlipia tena kiingilio, lakini muda ulipofika bingwa mtetezi akasema hawezi kucheza. Miezi sita baadaye akafariki. Uchunguzi ulionyesha ni moyo, uliochoshwa na dawa za miaka mingi. Mwaka 2001 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wacheza poker, miaka mitatu akiwa kaburini.

HESABU ALIYOIKWEPA

Sasa tuje kwako. Wacheza poker wanaodumu hutenga mtaji wa mezani, fedha ambayo hata ikiisha yote hakuna kodi wala ada ya mtoto iliyoguswa. Halafu kila dau huwa kipande kidogo tu cha mtaji huo.

Chukua mtaji wa Sh100,000. Ukiweka Sh5,000 kila mara, ukiliwa mara tano mfululizo bado una Sh75,000 na akili imetulia. Lakini ukifanya kama Ungar, kila ukiliwa unaongeza mara mbili, inakuwa 5,000, 10,000, 20,000, 40,000. Mara nne tu, Sh75,000 zimeyeyuka, na dau la tano linalotakiwa ni 80,000 wakati wewe umebaki na 25,000. Kuliwa mara nne mfululizo kwenye jambo la nusu kwa nusu hutokea mara moja katika kila 16. Si balaa la nadra hilo.

Hata ukiwa fundi haisaidii. Mtu mwenye uhakika wa asilimia 55 anayeweka kila kitu kila mara, uwezekano wa kuvuka mara 10 bila kufilisika ni kama mmoja kati ya 400. Ungar alikuwa fundi kuliko wote, na alifilisika mara nyingi.

Kuna tofauti moja zaidi. Kwenye poker alicheza na watu, hivyo ufundi wake ulilipa. Kwenye kubeti unacheza na mwenye duka. Marekani kawaida unaweka dola 11 ili ushinde 10, kwa hiyo lazima upatie zaidi ya asilimia 52 ndipo uanze kuona faida. Hapa kwetu nako faida ya kampuni imeshapigwa ndani ya odi kabla hujachagua timu. Mkeka ukichanika saa kumi jioni, ule mzuka wa kutafuta mechi ya usiku ya ligi usiyoijua ili urudishe zako ndio ule ule uliompeleka Ungar kwenye gofu.

Mashindano yalimwekea ukomo akawa bingwa mara tatu. Kwingine kote aliachiwa ajiwekee mwenyewe. Kama unabeti, andika ukomo wako Ijumaa kabla ya mechi, kichwa kikiwa baridi. Ukifika hapo, zima simu uangalie mpira.